Mikate ya kutisha kwa donge la mahamri: bundi, utumbo na damu ya mabuyu

Kila ikikaribia mwisho wa Oktoba hapa Malindi naulizwa swali lilelile, watu wameona kwa simu picha za mikate mitamu ya kutisha, yenye macho, yenye damu, buibui juu yake, nao wanataka kuwafanyia watoto maana shule zinafungwa, au kuna mgeni kwenye nyumba za kukodi huko ufuoni anataka kwa ajili ya Halloween yao ya tarehe 31, ile sikukuu ya kutishana. Wanajaribu, na trei ikitoka kwenye oveni ni mikate minene mizuri tu ya chai, haimtishi hata mtoto wa mwaka mmoja. Basi naandika yote hapa mara moja, anayetaka achukue.

Kitu cha kwanza kabisa ni hiki, donge la hamira linaumuka mara mbili kabla ya moto na mara ya tatu ndani ya moto. Kwa hivyo ule uso ulioukata kwa kisu ukakaa nusu saa, meno, pua, nyusi, ukiingia ndani unavimba na kufutika wote. Usipoteze muda wako hapo. Chagua umbo ambalo likivimba ndiyo linazidi kuwa zuri, halafu vile vidogo vidogo vyote, macho, mdomo, damu, utaviweka baada ya mkate kutoka. Ukilishika hili umeshamaliza nusu ya kazi wallahi.

Na usihangaike kutafuta risipi ya Marekani. Donge la mahamri unalolijua tangu utoto ndilo hilohilo la roli tamu, unga, hamira, sukari, iliki na tui, tofauti ni kwamba hili tunaliongeza siagi na yai kisha tunalioka badala ya kulikaanga. Mimi kwa nusu kilo ya unga wa ngano naweka nusu kikombe cha sukari, vijiko viwili vya chai vya hamira ya chengachenga, nusu kijiko cha chumvi, iliki ya kutwanga mwenyewe, siagi kama gramu 75, yai moja, na tui vuguvugu la kama mililita 200, lakini tui usilimwage lote, bakisha kidogo uangalie unga unasemaje maana unga wa pakiti hii na ile haunywi maji sawa. Vuguvugu ni lile ambalo ukitia kidole hulihisi ni la moto wala la baridi. Tui likiwa la moto sana linaua hamira na hapo hakuna dua itakayoliinua hilo donge.

Kanda dakika kumi za kweli. Ukichukua kipande ukakivuta kwa vidole taratibu kikatanda kama utando mpaka unaona mwanga upande wa pili bila kupasuka, basi. Kikipasuka haraka endelea kukanda. Wengi wanakatia hapo kwa kuchoka wanaongeza unga ili lisinate, mkate unatoka mgumu siku hiyohiyo.

Kama unataka rangi ya boga, chemsha boga kwa mvuke si kwa maji, liponde, lichuje maji yake kwa kitambaa, tia kama gramu 150 na upunguze tui libaki kama mililita 100 hivi. Bizari ya manjano chembe tu ya ncha ya kijiko, ukizidisha mkate utanuka pilau.

Mdalasini usiutie ndani ya donge. Najua harufu yake inavutia na mkono unaenda wenyewe, lakini mdalasini unaidhoofisha hamira, donge litakaa linakutazama tu. Mahali pake ni kwenye kijazio. Na kuhusu kijazio nina neno zito kidogo kwa sisi wa pwani, ile siagi na sukari ya kahawia wanayopaka wenzetu wa nchi za baridi hapa haikai. Joto letu la Oktoba linaiyeyusha ukiwa bado unakunja, inakuwa mafuta, sukari inatoa maji, unakata roli yote inamwagika kwenye kibao. Tumia tende. Tende laini kama gramu 200, toa kokwa, zikande na kijiko cha samli na mdalasini kijiko kimoja cha chai mpaka ziwe ujiuji mzito. Zinakaa pale ulipozipaka, haziyeyuki, na zaidi ya yote ni nyeusi, na weusi ndio tunaoutaka, ule mstari mweusi unaozunguka ndani ya mkate ndio utakaotengeneza jicho.

Sasa bundi, huyu ndiye ninayempenda kuliko wote. Watu wengine huchonga maboga, sisi akilia bundi juu ya paa usiku nyumba nzima inanyamaza, hakuna haja ya kuazima cha kutisha wakati tunaye wetu. Na msitu wa Arabuko-Sokoke hapo karibu una bundi wake mdogo sana, hafiki hata sentimita 20, ana vishungi viwili kichwani mithili ya masikio. Huyo ndiye tunamtengeneza.

Donge likishaumuka mara ya kwanza, kwa joto la hapa dakika 40 zinatosha usifuate saa nzima na nusu ya vitabuni, litandaze kwenye kibao kwa ile fimbo ya chapati liwe mstatili, unene wa kidole kidogo. Paka tende pote. Halafu usikunje kutoka upande mmoja tu kama roli za kawaida, kunja upande wa kulia mpaka katikati, kisha upande wa kushoto mpaka katikati, vikutane. Pale vinapokutana paka yai lililopigwa ndiyo vishikane, visiachane kwenye moto. Weka kwenye friji robo saa ligande kidogo. Sasa chukua uzi, uzi wa kushonea ulio safi au ule wa kusafishia meno, upitishe chini ya donge, vuka ncha zake juu uvute, unakata bila kubonyeza. Kisu kinalibana donge linakuwa bapa na mizunguko inazibana. Kata unene wa vidole viwili. Kila kipande ukikilaza kinakutazama kwa macho mawili ya mviringo yaliyojikunja yenyewe, hujachora kitu. Bana pembe mbili za juu kwa vidole uzivute kidogo ziwe vishungi, uvivute zaidi ya unavyoona inatosha maana vitapungua vikivimba. Acha viumuke tena dakika 20 hadi 30, paka yai, oka moto wa 180 kwa dakika 20 mpaka 25. Vikipoa kidogo bandika zabibu kavu katikati ya kila jicho na korosho nusu iwe mdomo, kwa tone la shira. Kilifi yetu hii ni nchi ya mikorosho, usitumie lozi za bei ghali. Zabibu ukizitia kabla ya moto zinasukumwa nje na kuungua zinakuwa chungu.

Utumbo ni rahisi zaidi, na watoto wa kiume ndio huulilia. Kunja donge lenye tende liwe kamba nyembamba ndefu, ulipange kwenye trei likizunguka na kujipinda ovyo ovyo, limejibana. Likivimba linazidi kufanana na utumbo, ndiyo ile niliyosema, uvimbe unakusaidia. Halafu damu. Hapa achana na aisingi, hewa yetu ya bahari ina unyevu, aisingi inatoka jasho inateleza kabla wageni hawajafika. Pika shira ya mabuyu, sukari kikombe kimoja, maji nusu kikombe, unga wa ubuyu vijiko vitatu, rangi nyekundu chembe, iliki, na ukitaka pilipili ya unga kidogo sana kama wanavyofanya wauza mabuyu. Chemsha mpaka ishike mgongo wa kijiko. Mimina mkate ukiwa na joto kidogo, si wa moto. Inang'aa, inatiririka mpaka pembeni inaganda hapo, na ule ukali wa ubuyu unaukata utamu wa tende vizuri sana, hata mtu mzima anarudia.

Kitu kimoja sifanyi, ile mikate ya maiti waliozungushiwa vitambaa. Ni maarufu na ni rahisi, vipande vya donge vinazungushwa tu. Lakini nyumba zetu nyingi zina mtu aliyezika karibuni, na bibi akiona mkate uliofungwa kama sanda kwenye meza ya chai utamuumiza, hata kama hatasema. Kuna vya kutosha vya kutisha bila hicho. Anayemwokea mgeni wa Kizungu na afanye, wao wana maiti wa Misri akilini.

Na wale wanaoniambia mikate ya mambo haya ni uzushi wa juzi wa mitandaoni, hapana. Ireland ndiko sikukuu hiyo ilikotoka kwa sehemu kubwa, na wao usiku huo hula barmbrack, mkate mtamu wenye zabibu ambao ndani yake hufichwa pete. Meksiko wana pan de muerto wa mwanzoni mwa Novemba, wa mviringo, juu umewekewa vipande vya donge mfano wa mifupa. Mkate mtamu na hofu vimeshakaa pamoja zamani. Hiyo ya pete lakini usiige kama kuna watoto wadogo, watakabwa.

Huna oveni? Sufuria kubwa la bati, mchanga mkavu chini, funika lipate moto robo saa, trei ndogo ndani, kisha palia makaa juu ya kifuniko. Makaa mengi juu, machache chini, ndiyo siri, maana chini huungua haraka na tende ina sukari. Mwenye oveni ya gesi inayounguza chini aweke trei mbili, moja ndani ya nyingine.

Wape watoto jioni, na kama kuna mtu mzima anayejua hadithi za magofu ya Gede mwambieni asimulie, mji ule ulihamwa tangu karne ya 17 na wenyeji husema wazee wake bado wanaulinda, anayeharibu kitu pale hujuta. Ni mwendo mfupi tu kutoka hapa, watoto wengi wameshapelekwa na shule wanazijua zile kuta, kwa hivyo hadithi inawaingia vizuri wakiwa na bundi mkononi.

Ikibaki, usiiweke kwenye friji, inakauka. Funika kwa kitambaa ndani ya hotipoti, asubuhi ipashe kwa mvuke dakika tatu. Yenye damu ya mabuyu usiipashe kwa mvuke, shira itayeyuka, hiyo ilieni usiku uleule.