Kanuni za kuazima vitabu katika maktaba ya kijiji: amana, faini au mdhamini?

SWALI: Ndugu mkutubi, shikamoo. Tuko kijiji cha mwambao, Wilaya ya Uvinza, mkoani Kigoma. Serikali ya kijiji imetupa chumba na tumekusanya vitabu 640: vingi vya kiada, hadithi kiasi, na vichache vya kilimo na afya. Hadi sasa watu wanasomea humu humu. Tunataka kuanza kuazimisha, lakini kamati imegawanyika. Wengine wanataka amana ya sh 10,000 kwa kila mwanachama na faini ya sh 200 kwa siku. Wengine wanasema tukifanya hivyo tutabaki na wanachama watano. Wanaume wengi hapa ni wavuvi wa dagaa, wanahamahama na makambi. Tuweke siku ngapi na vitabu vingapi? Watoto tuwafanyeje? Kitabu kikipotea je? Kompyuta hatuna. Mwisho, wajumbe wa kamati wanaruhusiwa kwenda na vitabu nyumbani?

JIBU: Marahaba. Hao wa wanachama watano ndio walioona mbali.

Amana ina kasoro mbili. Kwanza, inamzuia mtu mlangoni kabla hajagusa kitabu, na anayezuiwa ni yule asiye na uwezo wa kununua chake. Pili, hairudishi vitabu. Aliyeweka sh 10,000 na kuchukua kitabu cha sh 15,000 akiamua kukaa nacho atajiona amekinunua kwa bei poa. Kisha kuna suala la kuitunza fedha yenyewe: wanachama 80 ni sh 800,000 ambazo si zenu, zinazohitaji stakabadhi, akaunti, na kurudishwa siku yoyote mtu akihama. Chumba kikivuja mvua ya Machi, fedha hiyo itaonekana karibu kuliko nyingine yoyote.

Badala yake tumieni mdhamini. Awe mkazi anayefahamika: mwalimu, muuza duka, mwenyekiti wa kitongoji, kiongozi wa dini, au mwanachama mwenye mwaka mzima bila deni. Wekeni ukomo wa watu watano kwa kila mdhamini. Bila ukomo huo, mwalimu mmoja mpole atadhamini nusu ya kijiji na dhamana yake haitakuwa na uzito tena. Asaini mbele ya mkutubi, fomu isipelekwe nyumbani, na asomewe anachokubali: kwamba kitabu kisiporudi yeye ndiye atakayetafutwa. Uanachama uhuishwe kila Januari. Watu huhama na namba za simu hubadilika, na ni heri kuligundua hilo mezani kuliko siku mnapomtafuta mtu.

Fomu iwe ukurasa mmoja: jina kamili, kitongoji, namba yake ya simu na ya ndugu wa karibu, namba ya kitambulisho (cha Taifa, cha mpiga kura au leseni), jina na saini ya mdhamini. Asiye na kitambulisho alete barua ya mtendaji wa kijiji. Msichukue nakala ya kitambulisho, namba inatosha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu achukue zile tu anazozihitaji na azitunze. Kwenu maana yake ni kwamba fomu zikae kwenye kabati lenye kufuli. Kusoma ndani kubaki bure na bila fomu, kwa mkazi na kwa mgeni aliyeshuka na mtumbwi jana. Azimio la IFLA (shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba) na UNESCO kuhusu maktaba za umma, toleo la 2022, bado linasisitiza kwamba huduma ya maktaba ya umma kimsingi ni ya bure.

Sasa idadi. Msihesabu vitabu 640. Toeni kwanza visivyotoka: kamusi, atlasi, ensaiklopidia, mitihani iliyopita, magazeti, na kitabu chochote cha kiada chenye nakala moja ambacho darasa zima linakitegemea. Vipigwe muhuri wa "REJEA" na alama nyekundu mgongoni, mkutubi asilazimike kubishana kila siku. Tuseme mmebaki na 550. Kati ya hivyo vipo vya mitaala iliyopita ambavyo hakuna atakayevigusa. Hesabuni vile vinavyogombewa, ambavyo mara nyingi havifiki theluthi moja. Kama ni 180, na hamtaki zaidi ya nusu viwe nje kwa wakati mmoja, mnaweza kubeba vitabu 90 nje. Kwa vitabu viwili kila mtu, hao ni wanachama 45 wanaoazima kwa mkupuo. Si wote huazima wakati mmoja, kwa hiyo kuandikisha 80 hadi 100 mwaka wa kwanza ni salama. Anzeni na kitabu kimoja kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha pandisheni viwe viwili. Kupandisha kunashangiliwa, kushusha kunaleta kikao.

Siku 14 zinawatosha walimu, wanafunzi waliofika miaka 18 na wenye biashara, na nyongeza moja ya siku 14 kama hakuna mwingine anayekisubiri kitabu. Kwa wavuvi tarehe hiyo haifai. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti samaki, mitumbwi inapumzika na watu wanarudi nyumbani. Mkimpa mvuvi siku 14, tarehe yake itaangukia katikati ya giza akiwa dago, yaani kambini, na mtakuwa mmemfanya mchelewaji kwa kalenda yenu. Wapeni wavuvi wote tarehe moja ya kurudisha: siku ya mwezi mpevu. Mzunguko wa mwezi ni takriban siku 29 na nusu, kwa hiyo tarehe hiyo husogea nyuma kidogo karibu kila mwezi. Ipigieni hesabu mwaka mzima, muibandike ukutani. Muda wao wa kuazima utakuwa wa mwezi mmoja hivi, na siku hizo mbili tatu fungueni hadi saa 12 jioni kwa sababu watakuja kwa pamoja.

Vitabu vya mitihani vinataka kanuni tofauti. Kidato cha nne hufanya mtihani Novemba, na kuanzia Agosti nakala tatu za kitabu cha fasihi zitagombewa na watoto arobaini. Hapo azimisheni kwa usiku mmoja: kinatoka saa 11 jioni, kinarudi kesho yake saa 2 asubuhi. Asiyerudisha kwa saa hiyo anapoteza haki ya usiku kwa wiki nzima. Ni kali, lakini nyuma yake kuna mtoto mwingine anayesubiri.

Kutokuwa na kompyuta si tatizo kwa maktaba ya ukubwa huu. Tumieni mfumo wa kadi uliobuniwa na mkutubi wa Marekani, Nina Browne, mwishoni mwa karne ya 19. Kila kitabu kina kadi ya manila, sm 5 kwa 10, yenye namba ya usajili juu, kisha mwandishi na jina la kitabu. Namba hiyo ni ileile iliyo kwenye rejesta ya vitabu. Kadi inakaa ndani ya jalada kwenye kimfuko kilichobandikwa. Kila mwanachama ana vimfuko vyake vidogo vya manila, vyenye jina na namba yake, vilivyofungwa pande tatu, vifupi kiasi kwamba kichwa cha kadi kinachungulia juu. Mwenye haki ya vitabu viwili ana vimfuko viwili tu, hivyo hakuna haja ya kumhesabia.

Anapoazima, mkutubi anatoa kadi ya kitabu, anaitumbukiza kwenye kimfuko cha msomaji, anapiga tarehe ya kurudisha kwenye karatasi ya tarehe (ibandikwe ukingo wa juu tu, ili ikijaa ing'oke bila kuchana ukurasa), na kuiweka jozi hiyo kwenye sanduku, nyuma ya kigawanyo cha tarehe ile. Katoni la viatu linatosha. Kitabu kikirudi, tarehe iliyomo inakupeleka kwenye kigawanyo, namba ya usajili inakupeleka kwenye jozi. Kadi inarudi kitabuni, kimfuko kwa mwenyewe. Vigawanyo vya tarehe zilizopita ndiyo orodha yenu ya waliochelewa, wala hamna haja ya kuiandika. Uzuri mwingine wa mfumo huu ni kwamba kitabu kikirudi haibaki kumbukumbu ya nani alisoma nini. Kijijini, ambako mtu anaweza kuogopa kuazima kitabu cha UKIMWI au cha uzazi kwa sababu ya macho ya watu, hilo si jambo dogo.

Mfumo huu huharibika kwa njia zinazojulikana. Jozi zikipangwa kwa jinsi zilivyoingia badala ya kufuata namba, kutafuta kadi moja kutawachukua robo saa. Muhuri usipobadilishwa asubuhi, vitabu vya siku nzima vitakuwa na tarehe ya jana, na kadi zake mtazitafuta zisipokuwepo. Baya kuliko yote ni kitabu kurudishwa rafuni bila kadi yake: kadi inabaki sandukuni, mwenye kimfuko anadaiwa alichorudisha, na ugomvi wake hauna mwamuzi. Tengeni rafu moja nyuma ya meza kwa vitabu ambavyo kadi hazijaonekana. Kisitoke hapo kitabu mpaka kadi ipatikane. Na kila jioni hesabuni jozi za siku hiyo mkaandike idadi daftarini. Takwimu hizo ndizo serikali ya kijiji itakazoziuliza mkiomba rafu mpya.

Kuhusu faini, sh 200 kwa siku inafika sh 8,000 baada ya siku 40. Kuanzia hapo kitabu cha sh 8,000 hakirudi tena, maana kukirudisha ni kujipeleka kudaiwa. Maktaba ya Umma ya Chicago, Marekani, ilifuta faini za kuchelewesha mwaka 2019, na vitabu vilivyokaa nje muda mrefu vikaanza kurudi kwa wingi. Isitoshe, bila sheria ndogo iliyopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, faini yenu ni makubaliano ya uanachama tu. Msimtume mgambo. Adhabu inayofanya kazi ni siku kwa siku: aliyechelewa siku tisa hapewi kitabu kwa siku tisa. Haihitaji stakabadhi.

Mfuatilieni mapema na kwa upole. Siku ya pili baada ya tarehe, ujumbe mfupi: "Ndugu, una kitabu kimoja cha maktaba, tarehe imepita, karibu ukirudishe au uongeze muda." Msitaje jina la kitabu, simu nyingi hapa ni za familia. Wiki moja, pigeni simu. Wiki mbili, mwambieni mdhamini. Siku 30, mjumbe aende nyumbani. Zikipita siku 60, kihesabuni kimepotea.

Kilichopotea kilipwe kwa nakala ya kitabu kilekile, toleo hilo au jipya zaidi. Kisipopatikana madukani, walipe bei ya sasa, hata kwa mafungu, na wapewe stakabadhi ya kijiji. Msipokee "kitabu chochote", rafu zitajaa vile ambavyo watu walitaka kuviondoa nyumbani. Wala msipokee fotokopi ya kitabu kizima: ni kinyume cha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na inachakaa haraka.

Kilicholowa ni habari nyingine, na kwenu kitatokea sana. Waambieni wanachama mapema: kikilowa, kileteni siku hiyohiyo, hamdaiwi. Anayeogopa atakianika juani, kijipinde na kurasa zigandane, au atakificha uvunguni kiote ukungu ndani ya siku mbili. Kisimamisheni wima kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimeachana kidogo, wekeni karatasi nyeupe za kunyonya maji kila baada ya kurasa kumi, mzibadilishe zikilowa. Gazeti lisitumike, wino wake huhama. Kikikauka, kikandamizeni chini ya vitabu vizito.

Watoto chini ya miaka 18 waandikishwe kwa saini ya mzazi au mlezi, kwa sababu ahadi ya mtoto haimfungi kisheria. Kitabu kimoja kwa wakati mmoja, wiki moja. Kwa shule za msingi ni rahisi zaidi kupeleka sanduku: vitabu 40 kwa muhula, orodha nakala mbili, mwalimu mkuu anasaini zote. Mkihitaji mtu wa kuwaelekeza kupanga rejesta au kuainisha vitabu, ulizeni Maktaba ya Mkoa pale Kigoma mjini, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba.

Na wajumbe wa kamati: ndiyo, waende navyo, kwa vimfuko vilevile viwili na tarehe ileile, na mjumbe asijiazimishie mwenyewe, amwachie aliye zamu. Kanuni hiyo iandikeni ya kwanza ukutani. Maktaba nyingi ndogo zina orodha ndefu ya vitabu vilivyo "kwa mwenyekiti", na hakuna mkutubi wa kijiji anayethubutu kumpelekea mwenyekiti ujumbe wa siku ya pili.