Daftari la saa nane usiku

Mwaka wa pili chuoni nilinunua daftari la kurasa 48 kwa ajili ya somo la Takwimu, likaishia kwenye kazi nyingine kabisa. Kila nilipotazama pilau, niliandika mstari. (Asiyeelewa, si ile ya harusini. Ni video za ngono.)

Wazo lilitoka kwa mshauri wa wanafunzi, mama wa makamo niliyemfuata nikiwa nimeshajiandaa kuombewa au kufokewa. Aliniuliza tu, "Huwa ni saa ngapi, mwanangu?" Nikakosa jibu. Akaniambia nikaandike saa, siku ile imekwendaje, na kesho kuna nini. Idadi ya dakika hakuitaka.

Baada ya wiki sita nilikuwa na mistari 31. Mingi ilikuwa kati ya saa sita na saa tisa usiku, bando la usiku limeshaunganishwa na wenzangu wanakoroma. Mistari 11 ilikuwa usiku wa kuamkia testi. Wiki mbili ambazo bumu (pesa ya mkopo wa wanafunzi) lilichelewa zilijaa wino. Wiki lilipoingia, mstari mmoja. Miaka yote nilijiona nina tamaa kuliko vijana wenzangu. Daftari likaniambia nina njaa, na naogopa hesabu.

Chumba chetu kilikuwa cha watu wanne, tukilala saba kwa kubebana. Usiku mmoja umeme ulikatika, simu zimezima chaji, mazungumzo yakafika huko yenyewe. Mmoja akasema bila video hapati usingizi. Mwingine anajifunza, eti asije akaaibika mbele ya mchumba. Huyo nilimwonea huruma, maana ni sawa na kujifunza udereva kwa kutazama sinema za magari yanayolipuka. Wa tatu hata hazimvutii, anafungua zinazotumwa kwenye grupu ili kesho asiwe mgeni wa stori. Miaka kadhaa baadaye dada mmoja tuliyesoma naye alinisimulia kwamba naye alianza kwa kutafuta majibu, kwa sababu shangazi yake alimkata kauli: "Utayajua ukiolewa." Sisi wavulana angalau giza likiingia tulicheka. Yeye alinyamaza nalo hadi anahitimu.

Kuhusu koneksheni, zile video za faragha zinazovujishwa, sina upole. Ile video iliyovuja ina mtu ambaye hakukubali umtazame, pengine ni wa kozi ya jirani. Kuisambaza ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015. Ifute, toka kwenye grupu.

Kuna wanaoniandikia, "Kaka, mimi ni mgonjwa?" Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya magonjwa ya ICD-11 iliyoanza kutumika Januari 2022, linautambua ugonjwa wa kushindwa kuzuia tabia za ngono. Lakini vigezo vyake ni vizito: hali idumu muda mrefu, kama miezi sita au zaidi, ujaribu kuacha ushindwe, na masomo, afya au mahusiano yaharibike. Tena wameandika wazi kwamba kujisikia vibaya kwa sababu ya maadili peke yake hakutoshi kukuita mgonjwa. Ukiwa umefika huko kweli, nenda kwa daktari au mwanasaikolojia. Wengi wanaoniandikia hawajafika. Wanatazama, wanaapa, wanafuta kila kitu, wanajichukia siku tatu, na ile chuki yenyewe inawarudisha. Nami niliapa mara nyingi sana, hata kwenye mfungo.

Kilichonisaidia hakina utukufu wowote. Nilinunua saa ya kengele Kariakoo ili simu isiwe na kisingizio cha kulala chini ya mto. Ikawa inachajiwa mlangoni, mbele ya macho ya watu saba. Hesabu nikazihamishia kwenye diskasheni ya jioni, niogope pamoja na wenzangu. Bumu likiingia nilimlipa mama ntilie wiki mbili mbele. Mistari haikuisha, ilipungua, na kuna mwezi ilirudi yote.

Daftari bado ninalo. Mstari wa mwisho unasomeka: "Saa nane usiku. Nimeshinda na chai kavu. Kesho UE ya Takwimu." (UE ni mtihani wa mwisho wa muhula.) Chini yake, kwa kalamu ileile, kuna swali la nne la pasti pepa, limekokotolewa hadi mwisho.