Re: Kapuliza dawa kwenye zabibu, mate yakajaa na misuli ikawa inacheza

Mkuu, umeuliza kwa nini dogo wako alipotoka kupuliza dawa ya wadudu shambani Hombolo alijaa mate, jasho likamtoka na misuli ikawa inachezacheza yenyewe. Iko hivi, neva haigusani na msuli, kuna kanafasi kadogo hapo kati, umeme ukifika mwisho wa neva inamwagwa kemikali inaitwa asetilikolini, inavuka, msuli unajikunja, halafu fasta kuna kimeng'enya kinaikatakata ili msuli upumzike. Sasa dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti zinakikaba hicho kimeng'enya, asetilikolini inarundikana, amri haikatiki, ndo maana hata tezi za mate zinamwaga tu na mboni za macho zinasinyaa. Kinachoua hasa ni pumzi, kifua kinajaa majimaji na misuli ya kupumulia inachoka. Maziwa sijui nini achaneni nayo. Ikimrudia mvueni nguo, muogesheni kwa sabuni na maji mengi, kimbizeni hospitali na kopo la dawa mkononi, kule wana atropini inayozuia asetilikolini isishike kwenye tezi na moyo. Na hiyo dawa ya wadudu inapita kwenye ngozi pia, alivaa gloves kweli au barakoa tu?