Mtoto wa Duchenne akisahau ulichomtuma, usimchape

Mwanangu ana Duchenne, ugonjwa wa jeni unaodhoofisha misuli, sasa ana miaka 11. Habari ya miguu kila mtu anaiona, leo naandika ya kichwa maana hapo ndo nilikosea sana.

Alipokuwa na miaka 6 nilikuwa namwambia, "Weka daftari kwenye begi, chukua kikombe jikoni, njoo tunywe chai." Anafika mlango wa jikoni anasimama tu, kimya. Mi nafoka nikidhani ni kiburi, na siku zingine nilimchapa, jamani hilo linaniuma mpaka leo. Shuleni nako ticha anasema mvivu.

Baadaye daktari mmoja ndo akatueleza vizuri. Protini anayoikosa kwenye misuli, distrofini, hata ubongo unaitumia, iko pale seli za neva zinapopeana taarifa, inashikilia vipokezi vya ujumbe wa kutuliza. Na jeni yake ni ndefu ajabu, ina eksoni 79, yaani vipande vyenye maelekezo ya kutengeneza protini, inatoa distrofini ndefu na zingine fupi kama Dp140 na Dp71 ambazo ubongo unazihitaji, sasa jeni ikiharibika kuelekea mwishoni na hizo fupi zinakosekana, ndo maana watoto wawili wa Duchenne mmoja anaongoza darasa na mwenzie kusoma tu ni kazi. Kwa hiyo mama mwenzangu ukipewa majibu ya kipimo cha jeni uliza hitilafu iko eksoni ya ngapi, na Dp140 na Dp71 zimeguswa au la. Na usitishwe kwamba akili itaisha kama misuli, hapana, hili la ubongo haliendi likizidi hivyo.

Kinachowasumbua wengi ni kushika maneno mengi kwa mpigo. Namwambia kitu kimoja, nasubiri, ndo naongeza kingine. Mwalimu wake wa sasa anamwandikia maagizo kwenye karatasi, na majibu mengine anayapokea kwa mdomo maana mkono unachoka. Ukiona hatulii kabisa, au dalili za usonji, mwambie daktari mapema, zinatokea sana kwa watoto hawa. Steroidi, zile dawa wanazopewa kupunguza kasi ya misuli kudhoofika, nazo zinaweza kuleta hasira, ila usizikatishe ghafla mwenyewe, ni hatari, ongea na daktari kwanza.

Jana jioni nilimwambia "kikombe", basi. Akasukuma kiti chake cha magurudumu mpaka jikoni, akarudi nacho mapajani, akaniuliza, "Na kingine, mama?"