Kabla hujang'oa ukoka, lisome jina lake

Ule ukoka unaotambaa kila mahali, ambao wauza mbegu huuita bermuda, kwa wataalamu ni Cynodon dactylon. Neno la kwanza limetokana na maneno mawili ya Kigiriki: kyon, mbwa, na odous, jino. La pili ni daktylos, kidole.

Vidole utaviona bila shida. Ngoja ukoka utoe masuke: membamba, kwa kawaida matatu hadi saba, yote yametokea kwenye ncha moja ya bua. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliuita Panicum dactylon mwaka 1753. Jino liliongezwa mwaka 1805, mtaalamu mwenzake Persoon alipouhamishia kwenye jenasi, yaani kundi la mimea yenye undugu wa karibu, iitwayo Cynodon.

Na jino ndilo lenye faida kwa mwenye bustani. Fukua udongo, uvute shina linalopita chini. Kwenye vifundo vyake utakuta machipukizi yamefunikwa magamba meupe, magumu, yaliyochongoka kama chonge. Yaguse, yanachoma. Kila chonge lina uwezo wa kuwa mmea mzima, ndiyo maana penye ukoka mimi sipigi jembe. Jembe linakatakata shina, na kipande chochote chenye kifundo kitaota. Natumia uma wa bustani udongo ukiwa na unyevunyevu, navuta taratibu shina lisikatike, kisha naanika juu ya bati au saruji mpaka likikunjwa livunjike. Kabla ya hapo halikanyagi shimo la mboji! Nikishasafisha, napanda mazao yenye majani mapana yafunike ardhi haraka, kwa sababu ukoka hauvumilii kivuli.

Ila masuke peke yake yasikudanganye. Kuna nyasi nyingine, Eleusine indica, nayo ina vidole, lakini inaota kichaka kichaka na haina shina la chini. Ukiing'oa na mizizi yake, imekwisha. Usijichoshe kuchimba.

Kuhusu hilo jina bermuda, visiwa vya Bermuda vimepewa sifa isiyo yao, maana asili ya nyasi hii ni Afrika na maeneo mengine ya Dunia ya Kale, yaani Afrika, Asia na Ulaya. Kwa mnunuzi, tatizo ni kwamba jina hilo hutumika pia kwa chotara wa Cynodon dactylon na Cynodon transvaalensis, wanaopendwa kwenye viwanja vya gofu. Chotara hao kwa kawaida ni tasa, hupandwa kwa vipande. Ukiuziwa pakiti ya mbegu zao, uliza jina kamili kabla ya kutoa hela.