Sembène: Kutoka Kalamu Hadi Kamera

SWALI: Mhariri, nasikia Ousmane Sembène wa Senegali alikuwa mwandishi wa riwaya. Kwa nini aligeukia filamu, na fedha alizipata wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, Sembène, aliyezaliwa Ziguinchor mwaka 1923 na kuwahi kuwa kuli katika bandari ya Marseille, alikwisha kuchapisha riwaya kadhaa kwa Kifaransa alipotambua kwamba wengi wa wale aliowaandikia hawakujua kusoma. Akiwa na umri wa karibu miaka 40 alikwenda Moscow kusomea filamu, na mwaka 1963 akatoa Borom Sarret, filamu ya dakika 20 hivi kuhusu mwendesha mkokoteni wa Dakar. Medali ya mtu huyo inapoanguka, askari anaikanyaga kwa buti, kisha anauzuia mkokoteni. Maskini anarudi nyumbani na farasi wake tu.

Fedha zilikuwa mtihani. Kwa Mandabi (1968), inayomhusu mzee asiyeweza kuchukua hawala ya posta kwa sababu hana kitambulisho, alipata msaada wa Ufaransa, lakini ilimbidi atengeneze pia toleo la Kifaransa kando ya lile la Kiwolofu (lugha ya Wasenegali wengi), ambalo kwa maoni yangu ndilo la kutazamwa.

Mitihani yake haikuishia kwenye fedha. Ceddo (1977) ilipigwa marufuku nchini mwake, na sababu iliyotolewa na serikali ya Rais Senghor, mshairi mwenyewe, ilikuwa tahajia: ilitaka neno hilo liandikwe kwa "d" moja, naye Sembène akakataa katakata kuifuta ya pili.