Ukija Japani huna hela, jifunze gyudon kwanza

Kuna dada kaniandikia inboksi, anakuja Tokyo kusoma mwezi wa nne, anauliza abebe nini. Nikamjibu acha kujaza unga kwenye begi, jifunze kupika gyudon. Akadhani natania, ndo maana naandika hapa mpate wote.

Gyudon ni bakuli la wali wa moto, juu yake nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba kama karatasi pamoja na vitunguu, vyote vimechemkia kwenye soya sosi na sukari. Yoshinoya, kampuni ya migahawa ya gyudon, walianza 1899 soko la samaki la Nihonbashi, hapo Tokyo, wakilisha watu wa sokoni wasio na muda wa kukaa. Mpaka leo ndo msosi wa mwanafunzi na dereva teksi, unakula fasta unaondoka.

Mimi nilipofika nilipata pati taimu kwenye kimgahawa, kuosha vyombo tu. Mwenye mgahawa akasema mbele ya wenzangu kwamba mgeni hawezi kushika ladha ya dashi (ule mchuzi wa mwani na samaki mkavu) kwa hiyo nisisogelee sufuria. Iliniuma, na nikikumbuka bado inauma. Lakini macho hakuna aliyenifunga, nikawa naosha huku naangalia, kitunguu kinatangulia, nyama inakuja mwisho, hakuna kukorogakoroga. Jumamosi iliyopita nimepikia wenzangu wa kazini, Wajapani watupu, wamemaliza sufuria na mmoja kaomba vipimo ampelekee mama yake. Vipimo! Kwangu mimi!

Haya, vyenyewe hivi, watu wawili: dashi kikombe kimoja, ya unga inauzwa kila supamaketi, soya sosi vijiko vitatu vya chakula, mirin (divai tamu ya mchele ya kupikia) viwili, sukari kimoja. Nusu kitunguu kichemke mpaka kilainike, weka nyama robo kilo, ikibadilika rangi subiri dakika chache zima. Ukiwa Muislamu ruka mirin maana ina pombe, ongeza sukari kidogo, na nyama nunua maduka ya halali.

Nyama iwe na mafuta, hapa sibishani na mtu. Mwisho wa 2003 Japani ilizuia kuingiza nyama ya ng'ombe ya Marekani sababu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, na Februari 2004 Yoshinoya wakaacha kuuza gyudon, wakaweka nguruwe, kuliko kutumia ng'ombe mwingine asiye na yale mafuta ya tumboni waliyoyazoea. Imerudi 2006. Kampuni nzima imekubali hasara kwa ajili ya ladha, wewe unaenda kununua steki kavu ya nini? Tafuta pakiti imeandikwa komagire, ni vipande vilivyobaki, bei rahisi, na usiku wanabandika stika ya nusu bei.

Jamani vijana wenzangu, tuache kuishi kwa tambi za kikombe halafu nyumbani tunatuma picha za Tokyo. Mwili ndo mtaji wenu huku, ukiugua nani atakupikia uji? Pika. Kila wiki pika, na asikwambie mtu huwezi kwa sababu hukuzaliwa hapa.

Na dada, jiko la umeme la wali usinunue jipya. Mwezi wa tatu wanafunzi wanaomaliza wanahama na wanagawa vitu, waulize mapema.